Simu ya Ofisi Kupitia Intaneti: Tununue Nini, na Nani Ataitunza?

*Yafuatayo ni maneno ya mratibu wa mawasiliano wa shirika letu mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili waliokutana Mpemba. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, kwa kuwa kamati nyingi zimeomba nakala.*



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia ununuzi na matunzo ya simu za ofisi zinazotumia intaneti. Najua wapo waliofika hapa wakiwa na ankara mfukoni, wanasubiri nikubali tu ili wakalipie. Nawaomba mnivumilie kidogo. Kabla sijasema lolote la kiufundi nataka niwaonyeshe kitu.

Katoni hii mnayoiona mezani ina simu kumi na mbili za mezani, swichi moja na kompyuta ndogo iliyokuwa mtambo wa simu. Zilinunuliwa mwaka 2014, wakati eneo hili bado lilikuwa Mkoa wa Mbeya, kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016. Zilifanya kazi miezi saba. Aliyeandika pendekezo la kuzinunua ni mimi. Aliyewahakikishia wafadhili kwamba zitapunguza gharama ni mimi. Kwa hiyo nikisema leo kwamba tununue kwa tahadhari, nasema kama mtu aliyekwisha kuchoma fedha za watu wengine, na katoni ndiyo hii.

Tulikosea wapi? Hilo ndilo nitakalolieleza kwa urefu. Lakini nianze mbali kidogo, kwa sababu vijana waliopo hapa hawajui tulikotoka.

Wazee wanakumbuka simu ya kukoroga na foleni ya kuomba kuunganishwa. Wanakumbuka pia redio-simu za vituo vya misheni, ambapo mganga aliita hospitali kubwa kwa saa maalum asubuhi na jioni, na kila kituo chenye redio kilisikia habari za mgonjwa wako. Simu za mezani za TTCL zilikuwepo kwa wachache, na nyaya zake za shaba ziliwavutia wezi. Kisha zikaja simu za mkononi, na katika miaka michache kila mzee wa kanisa akawa na namba yake.

Katika miaka hiyo hiyo, mijini, watu walianza kupiga simu za ng'ambo kwa kompyuta kwenye vibanda vya intaneti. Lilikuwa jambo la kificho, kwa sababu TTCL ilikuwa na haki ya pekee ya simu za mezani Tanzania Bara hadi Februari 2005. Baada ya hapo soko likafunguliwa na mfumo mpya wa leseni ukaanza chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo Serikali ikaanza kujenga mkongo wa taifa wa mawasiliano ambao leo unafika hapa jirani, mpakani Tunduma. Bila mikongo hiyo tusingekuwa na mazungumzo haya.

Sasa, simu ya intaneti ni nini hasa? Wataalamu huiita VoIP. Simu ya kawaida hukupa njia yako peke yako kuanzia mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Simu ya intaneti huikata sauti yako vipande vidogo vidogo, kwa kawaida hamsini kwa kila sekunde, ikaviweka kwenye bahasha na kuvituma kwenye intaneti pamoja na barua pepe na picha za watu wengine. Upande wa pili huvipokea, huvipanga na kuvigeuza kuwa sauti. Bahasha zikichelewa, sauti hukatika. Zikipotea, neno hupotea. Barua pepe ikichelewa dakika tano hakuna anayejali, lakini neno likichelewa nusu sekunde wawili huanza kusema kwa pamoja na kuombana radhi.

Ofisi yenye vyumba vingi huhitaji pia mtambo wa kugawa simu: anayepiga namba moja ya ofisi aunganishwe kwa mhasibu, zahanati au shule. Zamani mtambo huo ulikuwa sanduku la bei kubwa ukutani. Mwaka 1999 kijana mmoja Mmarekani, Mark Spencer, aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha Auburn, alihitaji mtambo wa simu kwa kampuni yake changa na hakuwa na fedha za kuununua. Akaandika programu yake mwenyewe, akaiita Asterisk, na akaitoa kwa watu wote waitumie bila malipo ya leseni. Leo programu hiyo na nyingine zilizotokana nayo zinaendesha simu za ofisi nyingi sana duniani, na ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta hii hapa. Kumbukeni lakini kwamba kilichokuwa bure ni leseni. Mtu wa kuitunza hakuwa bure, nasi hatukumtengea hata shilingi moja.

Ndugu wajumbe, swali la kwanza si tununue simu gani. Swali ni kama tunazihitaji. Nitasema wazi jambo ambalo wauzaji hawatapenda: sharika nyingi zilizowakilishwa hapa hazihitaji mtambo wowote. Usharika wenye ofisi moja, katibu mmoja na mhasibu anayekuja mara mbili kwa wiki unahitaji simu mbili za mkononi zilizosajiliwa kwa jina la usharika, si kwa jina la katibu, na kifurushi cha mwezi. Basi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020, suala la laini ni ya nani si dogo. Nimeona ofisi ikipoteza namba iliyotumika miaka tisa kwa sababu katibu alihama na laini yake.

Wanaohitaji mtambo ni wale wenye zahanati, shule na ofisi katika eneo moja au maeneo mawili matatu yanayopigiana simu kutwa; wale wanaopokea simu nyingi kutoka nje; na wale wenye kazi ya kuvuka mpaka. Hapo Mpemba tuna jambo la pekee. Kutoka hapa hadi Nakonde ni mwendo mfupi, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa Oktoba 2019 watu na mizigo huvuka kwa urahisi zaidi. Barabara ya Isongole nayo inatupeleka upande wa Malawi. Lakini simu ya kwenda kwa ndugu aliye Nakonde bado inaanza na 260, na ya Malawi inaanza na 265, na mtandao unaihesabu kuwa ya kimataifa kama vile unapiga Ulaya. Mara nyingine simu yako ukiwa Tunduma hudaka mnara wa Zambia bila kukuuliza, na salio huisha kabla hujamaliza kusalimia. Ofisi zetu mbili, moja kila upande wa mpaka, zikiwa na intaneti nzuri zinaweza kupigiana kwa namba fupi ya tarakimu tatu bila malipo ya dakika. Hiyo ni faida ya kweli, na ndiyo iliyonishawishi mwaka 2014.

Mtauliza: kwa nini tusitumie WhatsApp? Tumieni. Inafaa sana kwa mtu na mtu. Lakini haina namba ya ofisi inayobaki ofisini mtu akihama, haigawi simu kati ya vyumba, na kumbukumbu za mazungumzo hubaki kwenye simu ya mtu binafsi. Pia msijenge ofisi nzima juu ya huduma ya kampuni moja msiyo na mkataba nayo. Skype ilianza mwaka 2003, mashirika mengi ya dini yaliitegemea kuzungumza na wafadhili, na Mei 2025 ikafungwa. Waliokuwa na salio na namba humo walilazimika kuhama.

Basi tuseme kamati imekaa, imehesabu, na imeona inahitaji. Tuanze na intaneti yenyewe, kwa sababu hapo ndipo tulipoumia kwanza. Mazungumzo mamoja kwa mfumo wa sauti uitwao G.711 hutumia kama kilobiti 80 kwa sekunde kila upande. Ukizungumza saa nzima umetumia kama megabaiti 72. Mfumo wa G.729 hubana sauti zaidi, nao hutumia kilobiti 24 hivi kila upande, yaani kama megabaiti 22 kwa saa. Hizi si namba kubwa. Kwa hiyo mtu akiwaambia mnahitaji intaneti ya kasi ya ajabu ili simu nne ziongee kwa pamoja, muulizeni maswali. Kinachohitajika ni intaneti iliyotulia. Kasi ikipanda na kushuka kila dakika, barua pepe itapita lakini simu haitasikika.

Sisi tulikuwa na laini moja ya intaneti kwa wote. Saa nne asubuhi, walimu walipoanza kupakua mitihani na vijana kutazama mpira, simu ya zahanati ikawa kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Dawa yake ni ruta inayojua kuzipa bahasha za sauti nafasi ya kwanza, kama gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani kati ya malori ya Tunduma. Ruta nyingi za kawaida zina uwezo huo, ila lazima mtu aupange. Hakuna aliyetupangia.

Na kwa sharika za pembezoni zinazofikiria satelaiti: ile ya aina ya zamani hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ipande, ishuke, ni karibu robo sekunde, na jibu lirudi ni robo nyingine. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa njia moja ili mazungumzo yawe ya raha. Kwa hiyo satelaiti ya aina hiyo hupitisha simu, lakini ni ya kuzungumza kwa zamu, kama redio-simu ya zamani. Tusiiseme vibaya hata hivyo. Huko Macha, kusini mwa Zambia, hospitali ya misheni ilipata intaneti ya satelaiti mwaka 2004, na mradi wa LinkNet ukaisambaza kwa jumuiya iliyoizunguka. Kinachonigusa katika habari ya Macha ni kwamba hawakuishia kufunga mitambo. Walianza kufundisha vijana wa pale pale kuitunza.

Jambo la pili ni umeme. Simu ya mkononi ina betri yake. Simu ya mezani ya intaneti haina. Umeme ukikatika, simu zote za ofisi zinakufa kwa pamoja, hata kama mnara wa intaneti bado unafanya kazi. Tuchukue mfano: simu sita, ruta, swichi na mtambo mdogo kwa pamoja hutumia kama wati 60. Kwa saa nane ni wati-saa 480. Betri moja ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isiharibike mapema, hukupa wati-saa 600. Kwa hiyo betri moja nzuri na inveta yake hubeba siku ya kazi. Lakini tazameni nukuu mnazoletewa na wauzaji: simu zimo, swichi imo, betri haimo. Kwetu pia haikuwemo.

Na hapa kwetu Nyanda za Juu kuna radi. Mwezi wa kwanza wa mvua ulipofika, radi ilipiga jirani na ofisi, ikapita kwenye waya mrefu uliounganisha ofisi na zahanati, ikaua swichi na simu tano kwa dakika moja. Fundi alipokuja alituuliza swali moja tu: waya wa ardhini uko wapi? Haukuwepo. Tulikuwa tumetumia mamilioni kununua vifaa na tukaacha kuchimba shimo la kufukia fimbo ya shaba. Tangu siku hiyo nasema: kabla ya kufungua katoni la simu, kamati ione kwa macho waya wa ardhini na kinga ya radi. Na kati ya jengo na jengo, tumieni antena za kurushiana au waya wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme. Waya wa shaba uliotandazwa juu ya bati ni kualika msiba.

Sasa nije kwenye vifaa, na hapa nawaomba wafadhili wanisikilize kwa upendo. Mara nyingi tunaletewa zawadi ya simu zilizotumika. Ofisi fulani ng'ambo imebadilisha mtambo, ina simu arobaini nzuri, inasema wapelekeeni ndugu zetu Afrika. Tunashukuru, na tunajua nia. Lakini simu hizi si kama meza au kitanda cha hospitali. Baadhi zimefungwa kwa mtoa huduma wa huko, hazikubali kuzungumza na mtambo mwingine. Baadhi zinaelewa lugha ya mtambo wa mtengenezaji wake tu, hazijui SIP, ambayo ndiyo lugha ya pamoja ya simu nyingi za intaneti. Baadhi mtengenezaji ameacha kuzitolea masahihisho ya usalama. Zitokazo Marekani huja na chaja za volti 110, ukizichomeka kwenye soketi yetu ya 230 unasikia mlio mmoja tu. Na msamaha wa kodi bandarini si jambo la kudhani kwa sababu mzigo una jina la kanisa. Waulizeni TRA kabla meli haijaondoka huko.

Kwa hiyo ombi langu kwa wafadhili: kabla ya kutuma, tuandikieni aina na namba ya toleo la kila simu. Tukisema hapana, msidhani hatuna shukrani.

Kama mnanunua hapa nchini, simu za Grandstream, Yealink na Cisco zinajulikana na mafundi wengi wa Dar es Salaam. Siwauzii mojawapo. Nasema tu: nunueni kitu ambacho fundi wa Mbeya amewahi kukifungua. Hakikisheni inatumia SIP. Hakikisheni inapokea umeme kupitia waya wa mtandao, ili betri moja kwenye swichi ihudumie simu zote. Ulizeni kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA, kwani sheria inataka vifaa vya mawasiliano viwe na idhini yao. Na mkiwa na simu za zamani za kawaida ambazo bado nzima, msizitupe. Kuna adapta ndogo inayoziunganisha na intaneti. Zahanati yenye simu mbili inaweza kuanza na adapta moja na kuona kama jambo lenyewe linawafaa, kabla ya kutumia fedha nyingi. Kama ningefanya hivyo mwaka 2014, nisingekuwa nimesimama hapa na katoni.

Radi haikutumaliza. Tuliobaki na simu saba tuliendelea. Kilichotumaliza ni mambo mawili, na yote mawili ni ya matunzo.

La kwanza ni nenosiri. Kijana aliyetufungia mtambo alikuwa hodari na mwaminifu. Alipata kazi bora akaondoka, nasi tulimpa baraka zetu. Wiki tatu baadaye tulitaka kubadilisha namba ya chumba kimoja, na hakuna aliyejua nenosiri la mtambo. Tulimpigia, simu haikupatikana. Fundi mwingine alisema lazima afute kila kitu aanze upya, akataja bei. Kamati haikuwa na kasma ya jambo hilo. Nawaambia sasa: nenosiri la mtambo, la ruta, na la akaunti ya mtoa huduma yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe kwa sahihi ya mwenyekiti na mhasibu, iwekwe kwenye kasha la fedha. Fundi akiondoka, mabadiliko ya nenosiri yafanyike siku hiyo hiyo, hata kama ni mtoto wa mchungaji. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mnajua nasema nini.

La pili liliniuma zaidi. Nenosiri la simu moja ya ndani lilikuwa namba ile ile ya simu yenyewe, 104 na 104. Kuna watu duniani ambao kompyuta zao hazilali, zinabisha hodi kwenye kila mtambo wa simu ulio wazi kwenye intaneti, zikijaribu maneno rahisi. Usiku mmoja wa Jumamosi waliingia kwetu. Hadi Jumapili mchana, wakati sisi tuko ibadani, mtambo wetu ulikuwa umepiga simu mfululizo kwenda nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu amewahi kufika. Wizi huu unajulikana: wezi hupata mgawo wa malipo ya namba ghali wanazozipigia. Ankara ilikuja kwa jina letu. Mtoa huduma alisema simu zimetoka kwenu, lipeni. Tulilipa kwa fedha zilizotengwa kwa dawa. Sitaki kutaja kiasi, lakini mama mhasibu aliyekuwa zamu mwaka ule yupo hapa, anakijua.

Mama yule hakulala siku nne. Baadhi walimnong'ona kwamba labda yeye ndiye alipiga. Hilo, ndugu zangu, ndilo deni ambalo sijalilipa, na leo nimeomba nafasi hii niseme mbele yenu wote kwamba kosa lilikuwa langu, si lake. Mimi ndiye niliyekubali namba rahisi ili watu wasisumbuke kukariri.

Kinga ilikuwepo na ni rahisi. Akaunti ya simu iwe ya kulipia kabla, yenye kikomo, ili mwizi akiingia akute senti chache. Simu za kimataifa zifungwe isipokuwa nchi mnazozihitaji. Sisi tulihitaji Zambia, Malawi na nchi mbili za wafadhili wetu. Mtambo usiwe wazi kwa dunia nzima. Maneno ya siri yawe marefu na ya kubahatisha. Na mtu mmoja asome orodha ya simu zilizopigwa kila Jumatatu asubuhi, kama mhasibu anavyosoma kitabu cha sadaka.

Niseme kidogo juu ya sheria, nisiwachoshe. Kuunganisha ofisi zenu wenyewe kwa simu za intaneti ni jambo moja. Kuwauzia majirani huduma ya simu bila leseni ni jambo jingine, na ni kosa. Kuna pia watu watakaokuja na kisanduku chenye laini nyingi, waseme tukiweke ofisini kwenu kwa sababu mna intaneti nzuri, tutawalipa kila mwezi. Kisanduku hicho huingiza simu za kimataifa nchini kama vile ni za ndani. Watu wamefikishwa mahakamani kwa biashara hiyo. Mkataeni mtu huyo hata akija na barua ya utambulisho. Mkiwa na shaka, ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya. Pia tangu sheria ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika mwaka 2023, kurekodi simu za wagonjwa au waumini si jambo la kufanya kwa sababu tu mtambo unaweza.

Na kwa zahanati, hili mliandike: simu ya intaneti isiwe simu pekee. Mama akiwa katika hatari usiku, mhudumu anatakiwa apige 115, namba ya bure ya m-mama, apate usafiri wa dharura. Msimwache asimame gizani mbele ya simu iliyozimika. Simu ya kawaida ya mkononi, yenye chaji, ikae kwenye chumba cha kujifungulia daima, na isiondoke hapo kwenda kuazimwa.

Nimalizie na fedha. Mwaka 2014 pendekezo letu lilikuwa na mstari mmoja: vifaa. Mfadhili alilipa mstari huo, akapiga picha, akaondoka, wala simlaumu kwa sababu sisi ndio hatukuandika mstari wa pili. Pendekezo nililoleta leo lina vifaa vichache zaidi, simu sita badala ya kumi na mbili, na lina gharama za miaka mitatu: intaneti, betri moja ya kubadilisha, siku nne za fundi kila mwaka, na mafunzo ya vijana wawili wa hapa hapa Mpemba, wawili ili mmoja akipata kazi Lusaka abaki mwingine. Hizo gharama za miaka mitatu zinazidi bei ya simu zenyewe. Najua wafadhili wengine hawapendi kulipia mishahara ya mafundi na betri, wanapenda kitu cha kupigwa picha. Nawaomba mchague: mtulipie yote mawili au msitulipie lolote. Kamati nayo imekubali kuchangia intaneti kwa asilimia ishirini mwaka wa kwanza, arobaini wa pili, na sitini wa tatu. Ikishindwa mwaka wa pili, simu zitahamishiwa usharika mwingine wenye uwezo, na jambo hilo limeandikwa kwenye muhtasari uliosainiwa.

Baada ya chakula nitabaki hapa na vifaa hivi kwa yeyote anayetaka kuvishika na kuuliza. Simu tatu kati ya hizi bado zinawaka, nimezijaribu jana. Ile yenye alama nyeusi kwenye tundu la waya ndiyo iliyopigwa na radi; msiichomeke.